Umeme Uishie Barazani

Katika malori mengi ya zamani, umeme unaoingia betrini na unaotoka humo, ukiacha ule wa stata, hupandishwa kwanza hadi kwenye dashibodi, ukapita nyuma ya kioo kidogo cha mviringo, ndipo urudi chini. Kioo hicho ni geji ya chaji, yaani ya ampea. Mshale ukilala upande mmoja, altaneta inailisha betri. Ukilala upande wa pili, betri inaliwa. Dereva asiyejua kusoma aliielewa siku ya kwanza, na ndiyo maana madereva wazee wanaipenda mpaka leo. Ila nyuma ya kioo kile pana waya mnene, mara nyingi hauna fyuzi, umebanwa kwa nati mbili juu kidogo ya magoti ya mtu.

Nati hizo mbili zimewafanya mafundi fulani wa Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, wastahili sifa ambazo hawapewi. Fundi wa injini hushangiliwa gari likinguruma. Fundi wa bodi huonekana kwa rangi. Fundi umeme akifanya kazi yake sawasawa, kesho yake hakuna la kusimulia: gari limekwenda Mlimba, limerudi, mpunga umefika mashineni.

Masika yakikoma, bonde lote la Kilombero huhama kwa magurudumu. Mpunga wa Mngeta na Mlimba, wa Lupiro na Malinyi ng'ambo ya mto, lazima utoke shambani kabla bei haijageuka. Reli ya TAZARA imelikata bonde hili tangu miaka ya 1970, lakini gunia halitembei lenyewe hadi stesheni. Kabla halijajengwa daraja la mita 384 juu ya mto huo, lililozinduliwa mwaka 2018, malori yalipanga foleni kwenye tope la kivuko, injini zikizimwa na kuwashwa, zikizimwa na kuwashwa tena. Magari yaliyozoea maisha hayo hayakuwa ya kisasa. Yalikuwa Bedford, Isuzu TX, Leyland, Land Rover za chesi ndefu, na Scania zilizounganishwa kwetu wenyewe, Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO. Mengi yamekufa. Yaliyobaki hayana kompyuta ya kulialia, fremu zake ni ngumu, na mwenye mali haoni sababu ya kuzika kitu kinachopumua.

Tatizo ni kwamba lori la umri huo ni nadra kuwa la kiwanda kimoja. Injini imetoka kwenye Isuzu, gia boksi kwenye Fuso, altaneta haijulikani ilikotoka, na dashibodi ni ileile ya zamani yenye matundu yanayodai geji. Geji za mwanzo zilitengenezwa na watu walioijua kazi: Smiths wa Uingereza, VDO wa Ujerumani, Yazaki wa Japani. Ndani ya geji ya chaji ya wakati ule mlikuwa na kipande kinene cha shaba na bolti za shaba nyekundu au njano, umeme ukapita bila kuvuja jasho. Lakini hata hiyo ilipimwa kwa kazi ya zama zake. Dainamo ya Lucas ya aina ya C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, ilitoa ampea 22 tu, na geji iliyoandikwa 30 kila upande iliitosha. Leo pametundikwa altaneta ya ampea 60 au zaidi, na nyuma ya kioo hakuna aliyebadilisha kitu.

Halafu siku moja geji ya zamani inakufa, na mwenye lori anaagiza nyingine. Inakuja na basi, ndani ya mfuko, imeviringwa gazeti. Kioo kinang'aa, namba zinasema 60, ukingo una rangi ya fedha. Fundi mwenye akili haangalii kioo. Anaigeuza, anachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, anaigusisha kwenye bolti. Ikinasa, basi ile "shaba" ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma hupitisha umeme vibaya mno kuliko shaba. Anaukagua mgongo: plastiki nyepesi, ile inayonuka ukiisogezea kiberiti. Anazungusha nati: uzi umelika hata kabla haujafungwa. Hapo ameshajua anachohitaji kujua.

Watu hupenda kusema "vya Kichina" wakadhani wamemaliza maelezo. Si kweli. China hiyohiyo inatengeneza geji zinazofungwa kwenye malori mapya yanayopanda mlima Kitonga kila siku. Anayekwenda Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, na kumwambia muuzaji ampe ya bei ya chini kabisa, huyo ndiye aliyechagua kiwanda. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu 1975, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza, lakini hakuna mkaguzi atakayefungua kila mfuko unaoshushwa stendi ya Ifakara. Kwa spea ndogo kama hii, mkaguzi wa mwisho ni yule kijana mwenye sumaku.

Moto wenyewe unaanzaje? Watu wengi hudhani lazima pawe na shoti, waya uguse bodi, cheche ziruke. Hiyo ipo, na hukumaliza kwa dakika moja. Ila ninayoiogopa zaidi ni ile isiyo na kishindo. Nati imelegea kidogo kwa mtikisiko wa barabara. Pale bolti inapogusana na waya, ukinzani unapanda, tuseme hadi sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi ambacho testa ya taa haikioni kabisa. Ampea 30 zikipita hapo, joto linalozaliwa ni wati 90. Pasi ya kuchomelea risasi anayotumia fundi redio kwa kawaida haifiki hapo, nayo huyeyusha risasi. Sasa iweke pasi hiyo nyuma ya dashibodi, iegemeze kwenye plastiki, iache saa tatu za safari kutoka Mngeta.

Na fyuzi, hata kama ipo, haitakatika. Hili ndilo linalowapiga chenga wengi. Fyuzi inalinda dhidi ya umeme uliozidi. Kwenye nati iliyolegea umeme haujazidi hata kidogo, pengine umepungua. Kilichoongezeka ni joto mahali pamoja, na joto hilo fyuzi haina macho ya kuliona. Dereva ataona taa zimefifia kidogo, atasikia harufu kama ya kandambili iliyokanyaga kaa, atafungua kioo cha mlango hewa iingie. Hewa ndiyo iliyokuwa ikingojwa.

Bonde lina mambo yake ya kuongezea. Unyevu wa Kilombero huotesha kutu ya kijani kwenye shaba ndani ya msimu mmoja. Panya waliofuata mpunga hawabaki kwenye magunia. Huingia kichwani mwa gari na kutafuna maganda ya waya. Vumbi la pumba hukaa nyuma ya dashibodi, kavu, tayari. Gari likinasa kwenye tope, dereva akazima na kuwasha mara kadhaa, betri inachoka. Injini ikishika, altaneta inairudishia kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zote zinapita kwenye zile nati mbili, wakati gari linatambaa kwa gia ya kwanza.

Kisha kuna ufundi wa haraka, adui mkubwa kuliko panya. Mwenye gari anataka taa kubwa za kumulika shambani usiku, redio yenye spika nne, na kibadilisha umeme cha kuchajia simu za wapakiaji. Fundi wa haraka anavifunga vyote moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, kwa sababu hapo ni rahisi kufikika. Inaonekana busara. Lakini mpangilio wa zamani ulitaka mizigo ichukue umeme upande wa altaneta, kabla ya geji, ili geji ibebe tu kile kinachoingia na kutoka betrini. Ukifunga taa betrini, umeme wa taa hizo nao sasa unatoka kwenye altaneta, unapita kwenye geji, unafika betrini, ndipo uende taani. Mshale unalala upande wa chaji usiku kucha. Dereva anafurahi, anadhani betri inashiba, kumbe geji inaungua taratibu.

Marekani waliyaona haya zamani. Wenye malori ya Dodge ya miaka ya 1960 na 1970 wanajua jinsi umeme wote uliopandishwa hadi dashibodini ulivyoyeyusha plagi za plastiki kwenye ukuta wa injini, hasa baada ya watu kuongeza vifaa betrini. Hatimaye watengenezaji wengi wakaiacha geji ya ampea wakahamia ya volti. Walichofanya viwandani kwa michoro, fundi wa Ifakara anakifanya chini ya mwembe kwa koleo, bila mchoro, kwenye gari ambalo michoro yake haipo tena duniani.

Nimetazama kazi hii ikifanywa na watu wanaoijua, na utaratibu wake una adabu. Kwanza fundi haigusi dashibodi. Anavua kichwa cha betri, cha hasi kabla ya cha chanya, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati anafungua hasi hakuna kitakachotokea, lakini akianza na chanya spana hiyohiyo inageuka fimbo ya moto. Watu wa mkoa wa Morogoro hawahitaji kukumbushwa sana habari za betri na cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto uliowaka uliua zaidi ya watu 100. Miongoni mwa yaliyoelezwa siku zile ni kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa akijaribu kuchomoa betri ya gari. Fundi anayevua kichwa cha betri polepole, akiwa amepulizia hewa na kuhakikisha hakuna harufu ya mafuta, hafanyi mbwembwe.

Kisha anasoma waya. Nasema anasoma kwa sababu anaufuata mmoja mmoja kwa vidole, kutoka altaneta hadi ukutani, kutoka ukutani hadi swichi, akitafuta ganda lililokakamaa. Ganda lililopata joto hugeuka gumu na kung'aa, na ukilikunja linapasuka. Anaukwangua waya mpya kwa wembe: ukitoa weupe ndani, ni alumini iliyovikwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kadiri ya asilimia 60 tu ya shaba, tena chini ya nati huwa inasinyaa na kulegea yenyewe. Huo anautupa, au anaurudisha dukani akiwa na maneno. Kila mahali waya unapopenya bati anaweka raba ya tundu, na asipopata ya dukani anakata bomba la maji au tairi la baiskeli. Bati la kichwa cha lori, baada ya miaka 40 ya kutikisika, lina makali ya kisu.

Ndipo anafika kwenye uamuzi wenyewe, na hapa ndipo ninapoona akili ya kazi hii. Mgeni usiyemwamini unampokea barazani. Habari zake zinaingia ndani, yeye haingii. Fundi mzuri anautendea hivyo umeme mkubwa. Anavuta waya mnene kutoka altaneta hadi betrini kwa njia fupi, hukohuko kwenye injini, ukiwa na fyuzi yake kubwa karibu kabisa na betri. Dashibodini anapeleka habari tu: geji ya volti, kwa waya mwembamba wenye fyuzi ya ampea moja au mbili. Ukichubuka, ukiguswa na panya, ukipiga shoti, kinachokufa ni kifyuzi cha bei ya pipi. Mteja anayeng'ang'ania mshale wa ampea anawekewa geji ya aina nyingine, inayosoma kutoka kipande cha shaba kinachoachwa kwenye injini, mafundi wanakiita shanti. Umeme mkubwa unapita kwenye kipande hicho, na nyaya mbili nyembamba zinapeleka hesabu ndani.

Dereva mzee hataridhika mara moja.

"Fundi, huu mshale mbona umesimama tu? Ule wa kwanza ulikuwa unacheza."

"Mzee wangu, ule ulikuwa unacheza kwa sababu ulikuwa unaungua. Huu ukikuonyesha ishirini na saba hadi ishirini na nane, chaji ipo. Ukishuka ishirini na nne na injini inawaka, simama uangalie mkanda."

"Na ukizidi?"

"Ukipita ishirini na tisa, ujue regyuleta imekufa, inachemsha betri. Zima, nipigie."

Hayo ni kwa malori ya volti 24. Kwenye Land Rover na Bedford ndogo za volti 12 hesabu inagawanywa kwa mbili, na fundi anaiandika kwa kalamu ya rangi pembeni ya kioo. Kuna kosa moja linalofanana na hili ambalo huwa linaniudhi: geji ya volti 12 kufungwa kwenye Scania kwa sababu "imeingia tunduni". Kuingia tunduni si sifa. Volti zikiwa mara mbili, joto ndani ya geji huwa mara nne.

Geji nyingine zina hatari zake, ingawa si za kukaa nazo kwa urefu huohuo. Geji ya presha ya oili ya kimakanika, inayotumia bomba lililopinda ambalo Mfaransa Eugène Bourdon alilibuni mwaka 1849, inaleta oili yenyewe ya moto hadi dashibodini. Za bei rahisi huja na bomba la plastiki. Likipasuka, oili inarushwa juu ya nyaya zilezile tulizozisema, na juu ya miguu ya dereva. Fundi anaweka bomba la shaba, analizungusha duara moja au mawili karibu na injini ili mtikisiko uishie hapo, au anaachana nalo na kufunga kisoma presha cha umeme. Geji ya mafuta inataka heshima zaidi kwa sababu waya wake unaingia kwenye tenki. Umeme unaopita humo umepimwa uwe mdogo sana. Kuna watu hupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye kifaa cha tenkini "kujaribu kama kinafanya kazi". Kwa dizeli unaweza ukasamehewa. Kwa petroli usijaribu kusamehewa.

Mwisho anajaribu, na kujaribu kwake si kuwasha taa akasema "zimewaka". Anawasha kila kitu kwa pamoja, taa zote, vifuta kioo, redio, injini ikinguruma, anaweka ncha mbili za mita kila upande wa kila nati: waya huku, bolti kule. Mita ikisoma zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, nati hiyo inafunguliwa, inasuguliwa kwa msasa, inafungwa upya na washa ya kung'ata. Baada ya nusu saa anapitisha kidole. Palipo na joto pana kosa. Nimeona vijana wakichekelea utaratibu huu, wanauona wa kizee, lakini ni kipimo kilekile ambacho mhandisi yeyote angekitumia, na kidole hakihitaji betri.

Wengi wa mafundi hawa hawakusoma kazi hii darasani. Walishika tochi kwa miaka, wakapigwa makofi mawili matatu ya umeme, wakajua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, ina mpango wa kuutambua ujuzi wa namna hii: mtu anapimwa kwa alichojifunza gereji, anapewa cheti. Ni mpango mzuri, na ningependa mtahini aache maswali ya "taja aina za fyuzi" akampa mtahiniwa geji tatu na sumaku, aone ipi ataikataa. Trafiki barabarani anauliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu, haki yake, lakini mtungi unauliza moto umeshafika wapi, na sijawahi kumwona akiinama kutazama nyuma ya dashibodi.

Halafu kuna malipo. Hapa ndipo sifa zote hukwama. Tajiri wa lori anaelewa kulipia kitu: pistoni, tairi, geji mpya yenye kioo. Haelewi kulipia mchana mzima wa kufuata nyaya, raba za matundu, fyuzi mbili na nati zilizosuguliwa. Anaiona karatasi ya hesabu, anatazama dashibodi ambayo sasa ina kioo kimoja kisichochezacheza, anauliza pesa yake imekwenda wapi. Fundi anamwonyesha waya mnene kule kwenye injini, anamweleza habari za wati 90, anamwonyesha mgongo wa geji ya zamani ulivyogeuka kahawia na kujikunja. Tajiri anatikisa kichwa, anasikitika kwa kweli, anatoa nusu na kuahidi nusu baada ya mavuno. Kisha anaiokota ile geji iliyoungua, anaifuta vumbi kwa shati, anauliza kama haiwezi kufungwa kwenye trekta lake la Mang'ula.